Wapelekeni Watoto Mlimani Mapema

(Hotuba iliyotolewa na mwenezi wa chama kwa wazazi, katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache, nami sitazimaliza kwa salamu. Jambo nililoleta ni hili: watoto wetu wa kidato cha kwanza na cha pili wapelekwe wakakione Chuo Kikuu kwa macho yao. Wasingoje kidato cha sita.

Mzee mmoja aliniambia juzi kuwa hiyo ni safari ya kula maandazi njiani. Maandazi watakula, sikatai. Lakini fikirini. Maonyesho ya vyuo vikuu hufanywa Dar es Salaam kila mwaka, na wengi waendao ni vijana waliokwisha maliza kidato cha sita. Hapo ndipo kijana anapoambiwa kuwa udaktari wa Muhimbili hutaka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Aliyeitupa fizikia miaka minne nyuma, kwa kuwa mwenziwe alimwambia ni ngumu, afanye nini siku hiyo? Mlango ulifungwa alipoingia kidato cha tatu, wala hakuna aliyemwonyesha kuwa pale pana mlango. Mimi ni mwalimu. Watoto wa namna hiyo nawajua kwa sura.

Basi wakifika Mlimani wasitazame Ukumbi wa Nkrumah peke yake, ati kwa kuwa picha yake ilichapwa katika noti ya shilingi 500. Waingie maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa mara moja. Waketi darasani nusu saa, hata wasipofahamu neno. Kisha wawaulize wanafunzi: mkopo unaombwaje, chakula kiasi gani, nawe ulisoma shule gani? Binti wa shule ya kata akijibiwa na binti mwenziwe aliyetoka shule ya kata, maneno yangu mimi hayahitajiwi tena.

Wala tusiende kama wageni. Chuo kile kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, nacho kilikaa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, hata kikahamia Mlimani mwaka 1964. Walio mbali wasikate tamaa: Morogoro kuna Sokoine, na Dodoma kuna chuo kikuu tangu 2007.

Sasa kazi. Twende siku ya masomo, si Jumamosi, maana Jumamosi tutaonyeshwa viti vitupu. Nauli ya basi tuichange sote, na mtoto wa asiye nacho asiachwe. Barua ya mkuu wa shule nimekwisha iandika, yangoja sahihi za wazazi. Majina yanaandikwa hapa mezani baada ya mkutano, wasichana kwanza.