Ukuta wetu, maji ya jirani: kanuni za nyumba ziandikwe na zibandikwe

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kalemie



Leo hatukuja kusema juu ya kura, wala juu ya vita. Tumekuja kusema juu ya ukuta. Ndiyo, ukuta wa lupango. Na mlango unaofunguliwa upande wa barabara, na baraza inayoongezwa, na kibanda cha kuuzia unga kinachosogea kidogo kidogo mpaka kinakalia mufereji. Tunajua wengine watasema: "Hawa vijana bamekosa kazi." Mutupe dakika chache tu.

Tuanze na kosa letu, kisha tutafika kwa wengine.

Mwenzetu mmoja, mama yake anakaa kwenye avenue inayoshuka kuelekea ziwa. Lupango yake ilikuwa na uzio wa matete. Alipouza ndagala miaka na miaka, akaweka pesa kando, akanunua matofali na simenti ili ajenge ukuta wa kweli, na katika ukuta huo afungue mlango mdogo wa butiki. Sisi tulifurahi. Tulikwenda kumusaidia. Tulibeba matofali kichwani, tukachanganya mchanga, tukaimba.

Siku ya pili wakafika watu wawili na daftari mukononi. "Mama, uko na ruhusa ya kujenga?" Hakuwa nayo. Hakujua hata inaombwa wapi. Akatoa kitu kidogo, wakaenda. Wiki iliyofuata wakaja wengine, na bei ingine. Mara ya tatu wakaandika kwenye ukuta, kwa rangi nyekundu: "Arrêt des travaux". Mama akakopa pesa kwa jirani yake wa chini, akalipa, na jioni ile ile maneno mekundu yakafutwa. Mara tatu alilipa, na hakuna hata karatasi moja yenye muhuri iliyobaki nyumbani kwake.

Mpaka hapa munasikia hadithi munayoijua. Kila mtu hapa ana shangazi au mjomba aliyepita njia hiyo. Lakini haikuishia hapo, na kipande kinachobaki kinatuhusu sisi.

Tulipokuwa tunachimba msingi, yule jirani wa chini, ndiye aliyekopesha pesa, alisimama akatuangalia, kisha akauliza: "Bana yangu, sasa maji itapita wapi?" Maana maji ya mvua ya avenue nzima yalikuwa yanapita katikati ya yale matete. Tukamujibu: "Mama, usijali, tutaangalia." Hatukuangalia. Ukuta ulikwisha, ukapendeza, tukaupiga picha. Mvua kubwa ya kwanza ikapiga. Maji yakafika kwenye ukuta wetu, yakakosa njia, yakageuka, yakaingia kwa jirani. Jikoni lake lilikuwa la matofali mabichi. Asubuhi lilikuwa limelala chini. Mungu alisaidia, watoto walikuwa wamelala chumba kingine.

Sasa musikilize vizuri. Wale watu walikuja mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yatapita wapi. Swali hilo liliulizwa na mtu mmoja tu, mama asiye na muhuri wala daftari, na sisi vijana tunaojiita macho ya wananchi hatukumusikia.

Ndio maana tunasema: kanuni za kubadilisha nyumba upande wa inje ni swali la jirani. Kanuni isiyojulikana inageuka kuwa biashara, na swali lenyewe la jirani linasahauliwa.

Sheria haikosekani katika inchi yetu. Dekreti ya 20 Juni 1957 juu ya upangaji wa miji ilitoka wakati wa Wabeleji, wakati mji wetu bado unaitwa Albertville. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya leta, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Katika 2013 waziri alitia mukono amri juu ya ruhusa ya kujenga, ile tunaita permis. Kwa ufupi: kabla ya kusimamisha kitu cha kudumu, unaomba ruhusa kwa maandishi. Hatuipingi hiyo. Mji bila kanuni, mwenye nguvu ndiye anajenga, na maji yanakwenda kwa mnyonge.

Lakini tuulize: yule mama wa ndagala angezijua wapi hizo sheria? Zimeandikwa kwa Kifaransa cha mahakama. Hazikubandikwa kwenye ofisi ya mtaa wake. Hakuna aliyemwelezea tofauti kati ya kubadilisha matete, kufungua mlango, na kuongeza ghorofa. Akiwa hajui, kila mtu mwenye daftari anaweza kumuambia ni kosa. Na yule mwenye daftari anajua kwamba mama hajui. Bei inatoka hapo.

Ni vizuri kuangalia pia wengine wanafanya namna gani. Kule Marekani kuna mitaa mingi ambamo wenye nyumba wameungana kuwa chama. Ukinunua nyumba, umeingia chama, upende usipende. Kuna kitabu cha kanuni: urefu wa uzio, rangi ya mlango, aina ya paa, mpaka mti gani upande mbele. Ukitaka kubadilisha kitu cha inje, unapeleka ombi kwa kamati, na kamati inakujibu. Ukikaidi, unatozwa faini. Watu wa huko wanalalamika sana, kwa sababu kamati zingine zinafanya ufalme mdogo: faini juu ya rangi, faini juu ya majani yaliyorefuka. Hilo hatutaki kulileta Kalemie. Lakini kuna kitu kimoja chema: kanuni imeandikwa, na mwenye nyumba anaweza kuisoma kabla ya kununua hata tofali moja.

Karibu zaidi, Nairobi, wakaaji wa Karen na Langata wako na muungano wao wa miaka mingi unaofuatilia nani anajenga nini. Na Zanzibar, Mji Mkongwe uko na mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na katika 2000 uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kule milango, madirisha na baraza havibadilishwi ovyo. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba maarufu la Beit-al-Ajaib ilianguka na watu wakakufa. Kwa hiyo kanuni peke yake haishiki ukuta. Lazima mtu aangalie kweli, atengeneze kweli.

Sisi tuna sababu zetu, zaidi ya uzuri. Mji wetu uko kati ya vilima na ziwa. Mvua ikinyesha juu, maji yote yanatafuta chini, na chini ni sisi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, ni Lukuga, hapa hapa kwetu. Katika 2024 tuliona wote maji ya ziwa yanapanda mpaka yanaingia katika nyumba za watu. Na wakubwa wanakumbuka tarehe 5 Desemba 2005, udongo ulipotetemeka kwa nguvu ya 6,8 na nyumba za Kalemie zikaanguka. Ukuta mrefu wa matofali mabichi bila nguzo ni hatari siku ya mutetemeko. Ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini ni hatari. Mufereji uliozibwa ni hatari kila mwaka, kuanzia mvua ya kwanza. Mambo hayo ndiyo yaliyostahili kuandikwa kwenye lile daftari.

Tena kuna ubaguzi. Mama wa butiki anatembelewa mara tatu. Mwenye gari kubwa anayejenga ukuta wa mita nyingi kandokando ya mto, daftari halimuoni. Kanuni ikijificha, maskini ndiye anailipia. Ikibandikwa ukutani, kila mtu anaweza kuinyooshea kidole.

Sasa, tunaomba nini? Tunaomba mambo manne, na yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja.

Kwanza: kwenye kila ofisi ya mtaa, katika komini zote tatu, Lac, Kalemie na Lukuga, ibandikwe orodha kwa Kiswahili chepesi: kazi gani ya inje inahitaji ruhusa, na kazi gani haihitaji. Kupaka rangi, kubadilisha manjanja yaliyooza, kutengeneza mlango uliovunjika: mtu aachwe kwa amani. Ukuta mpya, ghorofa, kibanda juu ya mufereji: mtu aombe.

Pili: bei ya kila ruhusa iandikwe pembeni yake, na mahali pa kulipia. Hakuna pesa mukononi. Hakuna malipo bila karatasi yenye muhuri.

Tatu: iandikwe siku ngapi ofisi inachukua kujibu. Mtu aliye na simenti katika chumba cha kulala hawezi kungoja mwaka, simenti itakuwa jiwe.

Ine: anayekuja kukagua aje na kitambulisho, na barua ya kazi inayoonyesha nani amemutuma. Katiba yetu, kifungu cha 29, inasema nyumba ya mtu haiingiliwi ila kwa namna sheria inavyopanga. Na swali lake la kwanza liwe lile la jirani yetu: maji itapita wapi?

Tutayaomba namna gani? Kwa njia ya sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Daftari la sahihi liko hapa mezani. Anayetia sahihi asome kwanza. Siku tutakayolipeleka, tutaanza kuhesabu, na tutawaambia wote kila mwezi umepita na jibu liko wapi.

Lakini, wandugu, tusikae miezi mitatu mikono mifukoni. Kuna kazi isiyongoja muhuri wa mtu. Tunapendekeza kila avenue ifanye mapatano yake. Shefu wa avenue aite kikao, watu watembee pamoja kutoka juu mpaka chini, waangalie maji yanapita wapi, waandike. Mapatano yawe mafupi: hakuna anayejenga bila kuwaonyesha majirani watatu, wa juu, wa chini na wa mbele, kila ukuta unaachiwa tundu la maji, hakuna kibanda juu ya mufereji.

Na tuweke mipaka, ili tusizae wale wafalme wadogo. Mapatano hayagusi rangi ya nyumba ya mtu, wala imani yake, wala umaskini wake. Hayatozi faini. Hayafukuzi mama wa kibanda bila kumuonyesha mahali pengine pa kuuzia kwenye avenue ile ile. Na wapangaji wakae kwenye kikao sawa na wenye lupango. Wengi wetu hapa ni wapangaji. Maji yakiingia, hayaulizi nani ana cheti cha udongo. Godoro lako ndilo linaelea.

Tunajua mutatuuliza: na ule ukuta? Tulirudi. Tulitoboa matundu mawili chini, tukachimba njia ya maji mpaka kwenye mufereji wa barabara, na hatukudai pesa. Jikoni la jirani tumelisimamisha tena, mara hii na msingi wa mawe. Tulipomuomba samahani alitujibu maneno machache: "Ningelisema kwa sauti zaidi." Tukamuambia hapana, mama. Sisi ndio tulipaswa kusikia.

Deni la pesa aliyokopesha bado halijalipwa lote. Mama wa ndagala analilipa kidogo kidogo, katika butiki ile ile. Pesa iliyokwenda kwa watu wa daftari haitarudi. Ingelitosha kununua mawe ya jikoni lote.

Jumamosi hii, wakati wa salongo, tunaanza. Kuja na jembe, kuja na kalamu. Jembe ni la mufereji, kalamu ni ya sahihi. Na kabla hujafika, pita kwa jirani yako wa chini, umusalimie, umuulize mvua iliyopita iliingia kwake mpaka wapi.