Vipandikizi vya Matiti vya Silikoni: Nani Aliipima Jeli?



Nimeombwa nizungumzie hatari za vipandikizi vya matiti vya silikoni. Nitaanzia La Seyne-sur-Mer, mji wa pwani ya kusini mwa Ufaransa jirani na Toulon, kwa sababu kilichotokea huko kinatuhusu sisi watu wa afya kuliko orodha yoyote ya madhara.

Mwaka 1991 Jean-Claude Mas alianzisha huko kampuni ya Poly Implant Prothèse, yaani PIP. Vipandikizi vyake vilikuwa na alama ya ubora ya Ulaya, vilivuka mipaka hadi Amerika Kusini, na bei yake ilikuwa nafuu. Machi 2010 wakaguzi wa serikali walipofika kiwandani, waliyakuta nje, kando ya ukuta, makopo matupu ya silikoni ya viwandani. Jeli hiyo, ambayo haikuidhinishwa kuingizwa mwilini, ndiyo iliyokuwa ikijazwa katika vipandikizi.

Wakaguzi wa TÜV Rheinland, shirika la Kijerumani lililotoa cheti, walikuwa wakifika hapo miaka nenda miaka rudi. Walikuja kwa taarifa. Mas mwenyewe aliwaambia polisi kwamba kila walipotarajiwa, aliagiza ushahidi ufichwe. Basi wageni walisoma makaratasi, wakayaona yako sawa, wakaondoka. Wanawake takriban 300,000 duniani walikwisha kuwekewa vipandikizi hivyo. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri raia wake wapatao 30,000 wavitoe, hata kama havijapasuka. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013.

Uchunguzi wa Uingereza haukuona kwamba jeli ya PIP ilisababisha saratani. Kilichoonekana ni kupasuka, angalau mara mbili zaidi ya vipandikizi vingine. Hilo si dogo kwa mtu anayerudishwa mezani kupasuliwa tena.

Nisieleweke kwamba bidhaa halali haina shida. Mwili hukizungushia kipandikizi chochote utando wa kovu; utando huo ukikaza, titi huwa gumu, huuma na kupoteza umbo. Kipandikizi pia huweza kupasuka kimyakimya: jeli ni nzito, haikimbii, na mwenye nayo hahisi chochote. Ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha MRI au cha ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Sijui ni wangapi wanaoelezwa gharama hiyo kabla ya kulipia upasuaji wenyewe.

Kuna pia limfoma adimu inayoota kwenye utando huo, hasa palipotumika vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza. Mara nyingi huanza kwa titi kuvimba maji, miaka mingi baada ya upasuaji. Ikiwahiwa, kwa kawaida hutibika kwa kuondoa kipandikizi pamoja na utando wake. Ndiyo maana Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya BIOCELL, vyenye uso wa namna hiyo.

Kuhusu uchovu, maumivu ya viungo na kusahausahau kwa wenye vipandikizi, mjadala ni wa siku nyingi. Marekani ilizuia matumizi mengi ya silikoni mwaka 1992. Mwaka 1999 jopo la wataalamu halikupata ushahidi kwamba inaleta magonjwa ya mwili mzima. Mwaka 2006 ikaruhusiwa tena. Hata hivyo wanawake waliendelea kulalamika, na baadhi yao hupata nafuu vinapotolewa. Tangu 2021 FDA inataka waelezwe hayo mapema, na kwamba vipandikizi si vya kudumu maisha yote. Naona hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Kumwambia mgonjwa kwamba anajidhania tu si tiba.

Sasa ombi langu. Anayepandikizwa nje ya nchi hurudi nyumbani akiwa na kovu, na pengine bila kadi ya kipandikizi chake. Madaktari na wauguzi mlioko hapa, mkimpokea mwanamke wa namna hiyo, muulizeni jina la mtengenezaji, aina, namba ya toleo na mwaka wa upasuaji, kisha myaandike kwenye faili lake siku hiyohiyo. Siku tangazo la kuondoa bidhaa sokoni likitoka, hamtampata kwa njia nyingine.