NCHI JIRANI: LUGHA ZA WAGENI KATIKA MJI WA MALINDI

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa majeshi yetu ya ulinzi na usalama mlioko makambini, vituoni na mipakani.

Leo katika mazungumzo yetu kuhusu nchi jirani tunautazama mji wa Malindi, ulioko katika Kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Mji huo una mazoea ya wageni tangu kale. Vasco da Gama alitia nanga hapo mwaka 1498, na nguzo ya ukumbusho wake ingali yasimama ufukoni. Katika miaka ya 1960 walikuja Waitaliano kwa shughuli za anga. Satelaiti ya kwanza kutoka jukwaa lao la San Marco, lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa mwaka 1967. Na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa nyingine iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Nyuma ya wataalamu walikuja watalii, na nyuma ya watalii wakaja waliojenga nyumba na kufanya maskani. Hivi leo wako vijana wa Malindi na Watamu ambao hawajapata kuvuka bahari, lakini wanazungumza Kitaliano cha kutosha kuuza samaki, kuendesha mashua na kutafuta kazi.

Zamani mwenye hoteli alitundika kibao mlangoni kwa lugha ya mteja wake, na mambo yakaisha. Siku hizi mlango wa biashara ni tovuti katika intaneti. Mgeni aliye Milano au Hamburg huchagua chumba, hulipa fedha na kupanga safari zake kabla hajafunga mzigo. Kwa hiyo wenye biashara wa pwani hiyo wanalazimika kuandika kurasa zao kwa Kiingereza, Kitaliano, Kijerumani na Kifaransa, na anayetaka wageni wa Ghuba huongeza Kiarabu, ambacho husomwa kutoka kulia kwenda kushoto na hivyo hudai mpangilio wa ukurasa ugeuzwe wote.

Kazi hiyo haiishi kwa kubadili maneno tu. Tuchukue mfano wa saa. Mwenyeji akiandika kwamba mashua itaondoka saa 2 asubuhi, sisi sote tunaelewa kuwa jua limekwisha panda. Mtambo wa kompyuta ukiifasiri saa hiyo neno kwa neno, mgeni atadhani anaitwa usiku wa manane. Fundi mwangalifu huandika 08:00 katika kurasa za wageni, na saa 2 asubuhi katika ukurasa wa Kiswahili.

Vivyo hivyo kwa fedha na tarehe. Kwa Mtaliano na Mjerumani, 1.500 ni elfu moja na mia tano. Kwa Mkenya aliyefunzwa hesabu kwa Kiingereza, hiyo ni moja na nusu. Tarehe 4/7 ni ya mwezi Julai kwa watu wengi, lakini kwa Mmarekani ni ya mwezi Aprili. Dawa yake ni nyepesi: jina la mwezi liandikwe kwa herufi, na bei itajwe pamoja na jina la fedha yake.

Lipo pia neno mkazi. Katika hifadhi za taifa za Kenya viingilio hutofautiana kati ya raia, mgeni mwenye kibali cha ukaaji, na mgeni wa matembezi. Mtalii akiulizwa kwa Kitaliano kama yeye ni mkazi, bila kuelezwa mkazi wa wapi, ataitikia ndiyo, maana kwao ana makazi yaliyoandikishwa. Atalipa kiingilio kidogo, na akifika langoni atarudishwa. Hapo mgeni ataona ameibiwa, na askari wa lango ataona amedanganywa, kumbe aliyewagombanisha ni neno moja lililofasiriwa nusu.

Wenye ujuzi wa kazi hii wanashauri kwamba kila lugha iwe na ukurasa wake kamili, wenye anwani yake. Ndani ya ukurasa huwekwa alama ya lugha: sw kwa Kiswahili, it kwa Kitaliano, de kwa Kijerumani. Kwa kawaida msomaji haioni alama hiyo, lakini mitambo ya kutafuta huisoma na kumpeleka kila mtu penye lugha yake. Wanashauri pia kwamba lugha ichaguliwe kwa jina lake lenyewe, wala si kwa bendera, maana Kijerumani ni lugha ya Mwaustria pia, na Kiswahili hakina bendera moja. Lakini ushauri ulio mkubwa kuliko yote ni kwamba bei au sharti likibadilika katika lugha moja, libadilike siku hiyo hiyo katika lugha zote. Ukurasa wa Kiingereza ukisema kwamba malipo hayarudishwi, na ule wa Kitaliano ukaendelea kuahidi kuyarudisha, biashara hiyo ina mikataba miwili juu ya chumba kimoja, na ugomvi wake utaishia mezani pa polisi.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo jambo hili linapowahusu ninyi. Mgeni anayefika kituoni kulalamika huleta karatasi au simu ya mkononi yenye ahadi aliyopewa. Kama ahadi hiyo imeandikwa kwa Kitaliano peke yake, askari wa zamu ataisomaje? Atamtegemea mkalimani aliyeletwa na mmoja wa wagomvi, naye huenda akafasiri yale yanayomfaa aliyemleta.

Lipo na zito zaidi. Tuutaje mwaka 2006 tu. Katika mwaka huo Serikali ya Kenya na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto zilitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa kwa zinaa katika utalii wa pwani, na Malindi ilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Mwaka huo huo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo kifungu chake cha 14 kinamtia hatiani anayepanga au kutangaza safari za namna hiyo. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini tangazo lililoandikwa kwa lugha isiyosomwa na mzazi, mwalimu, mzee wa mtaa wala polisi, laweza kupita mbele ya macho ya wote bila kutambuliwa. Wenyeji watakuwa wanalinda mlango ambao maneno yaliyoandikwa juu yake hawayajui.

Kwa sababu hiyo ni kosa kuiacha lugha ya mwenyeji nje ya tovuti za biashara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, mwenye biashara huuliza: mtalii gani atasoma Kiswahili? Jibu ni kwamba ukurasa huo hausomwi na mtalii. Husomwa na mpishi, dereva, nahodha wa mashua, jirani na askari, nao hupata kujua ni ahadi gani imetolewa kwa jina la mji wao. Isitoshe, kijana aliyejifunza Kitaliano kwa kusikia, akisaidiwa kukiandika, aweza kupata mshahara wa kufasiri na kusahihisha kurasa hizo badala ya kushinda ufukoni akinadi vinyago.

Mambo haya si ya Malindi pekee. Waitaliano wengi hufika pia katika fukwe za Zanzibar, na hoteli za huko hutangazwa kwa lugha yao. Aidha, ipo miiko ambayo mgeni lazima aijue kabla hajafika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Na kambi za jeshi hazipigwi picha. Maonyo ya namna hiyo, pamoja na namba ya dharura 112, yafaa yawe mbele katika kila lugha, wala yasifichwe katika Kiingereza peke yake. Mgeni aliyeonywa vizuri humpunguzia askari kazi na humwondolea lawama.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa maneno asiyoyaelewa. Askari anayepokea malalamiko ya mgeni na aombe kuona ahadi yote, katika lugha zote ilizoandikwa, kabla hajaamua nani mkweli. Na mwenye biashara na ajue kwamba kila lugha aliyoiweka mlangoni ni neno lake mwenyewe, naye ataulizwa juu yake.