Neno la Mzee Angali Hai: Wosia na Mabadiliko ya Maisha Unyamwezini

Ipo kauli iliyozoeleka kwenye vikao vya ukoo, na siku hizi hata kwa baadhi ya wasomi wa sheria, kwamba wosia ni neno la mwisho. Mzee akishalisema limekwisha, na anayerudi kuligusa ama akili imeanza kumpotea ama amechezewa na mke mdogo. Wenye kauli hiyo huiegemeza kwenye historia. Mila, wanasema, ilimwekea kila mtu fungu lake tangu kale, na habari ya kuurejea wosia kila maisha yanapogeuka imeletwa na mawakili wa mjini. Ingekuwa maneno ya barazani tu ningeyaacha yapite. Lakini kauli hii huwafuata wajane na yatima hadi Mahakama ya Mwanzo, na kwa hiyo nitaichukulia muda mwingi jioni hii. Kwamba tuna sheria tatu za mirathi zinazokwenda sambamba, ya mila, ya Kiislamu na ile iliyotungwa India, wengi mnalijua, nami sitalieleza upya.

Nianze na shahidi ambaye wenzetu wangetarajia awe upande wao. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, akakirimiwa na mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir; kitabu chake juu ya nchi za maziwa kilitoka London mwaka 1860. Burton hakuwapenda Waafrika. Kurasa zake nyingi zimejaa dharau isiyofaa kurudiwa, na mengi aliyoyaandika aliyasikia kwa Waarabu waliomkaribisha, si majumbani mwa Wanyamwezi. Ndiyo sababu maelezo yake mafupi kuhusu urithi yana thamani kubwa machoni pangu, maana hayafanani na picha ya watu wasiofikiri ambayo alikuwa akiichora. Anasema Wanyamwezi waliwaachia mali watoto waliozaliwa na wajakazi na masuria, wakawapita watoto wa wake wa ndoa. Kisha anataja sababu yao: wale wa kwanza wana haja zaidi ya msaada, kwa kuwa watoto wa ndoa wana jamaa na marafiki wa kuwashika mkono. Tuitazame sababu hiyo kwa makini. Haisemi kwamba ndivyo walivyofanya mababu, wala haipimi cheo cha kuzaliwa. Inauliza nani atabaki peke yake. Na anayegawa kwa kipimo cha haja hawezi kugawa mara moja akafunga mlango, kwa kuwa haja huhama: mjomba aliyetegemewa hufa, binti huolewa mbali, kijana aliyekuwa dhaifu hurudi kutoka pwani na mzigo wake wa nguo na shanga.

Nitajibiwa kwamba Burton alikutana na matajiri wachache wa njia ya msafara, watu ambao pembe za ndovu ziliwapatia wajakazi, naye akaufanya mwenendo wao kuwa desturi ya nchi nzima. Inawezekana sana. Lakini pingamizi hilo linanipa nguvu kuliko linavyonipunguzia. Kama ugawaji ule ulikuwa wa watu wa msafara, basi ulizuka kwa sababu maisha yao yaligeuka. Mpagazi aliyeondoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alikaa miezi mingi safarini, akapita Ugogo kwenye ukame na hongo, na wengine hawakurudi. Nyumba aliyoiacha haikuwa nyumba aliyoikuta. Watu wa namna hiyo hawangeweza kuishi na mpango wa mali usiorejewa, na alichokiandika Burton kinaonyesha kwamba hawakuwa nao.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye mahari. Katika desturi ya Wanyamwezi, kama ilivyoandikwa na Hans Cory na baadaye na mwanaanthropolojia R. G. Abrahams, mtoto wa ndoa iliyolipiwa mahari humrithi baba yake, na yule ambaye mama yake hakulipiwa huhesabiwa upande wa mama. Hata hivyo baba aliweza kulipa baadaye na kumkomboa mwanawe. Kijana yuleyule, bila kuzaliwa mara ya pili, alitoka kwenye urithi wa wajomba akaingia kwenye urithi wa baba siku ng'ombe walipofika. Huo ndio utaratibu tunaoambiwa kwamba ulimpangia kila mtu fungu lisilobadilika.

Ugumu, basi, ulitoka wapi? Kwa maoni yangu ulitoka kwenye maandishi ya serikali, kwanza ya ukoloni, halafu ya uhuru. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 liliandika sheria za mila za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba: daraja la kwanza mtoto wa kiume wa kwanza, la pili watoto wa kiume wengine, la tatu mabinti, mjane hakupewa fungu, akaachiwa matunzo ya wanawe. Wajane wawili kutoka Shinyanga, jirani zetu, walilipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kuna ubaguzi lakini ikakataa kuifuta sheria, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake. Kilichokuwa mazungumzo ya watu walio hai kiligeuzwa jedwali, na jedwali halimuulizi mtu nani atabaki peke yake.

Lakini hata tangazo hilo halikubaliani na kauli ya neno la mwisho. Linaruhusu wosia ubadilishwe, na linaweka masharti ambayo watu wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Wosia wa mdomo hauwezi kufuta wosia wa maandishi. Mzee aliyeandika akiwa na mke mmoja na shamba moja la tumbaku Urambo, kisha akaoa tena, akachimba kisima na kupata hati ya haki miliki ya kimila, akangoja hadi kitandani ili kurekebisha kwa kusema, ameiacha karatasi ya zamani na nguvu yake yote. Waliomzunguka wamesikia nia yake ya kweli, na mahakama itafuata ile aliyoiacha nyuma.

Ndugu zetu Waislamu wa Tabora wana pingamizi zito zaidi: mafungu yamepangwa na Mwenyezi Mungu, mtu arejee nini? Arejee thuluthi anayoruhusiwa kuusia, madeni, amana alizowekewa, na jina la wasii. Mwenye kuusia anaweza kuutengua wosia wake angali hai. Tena kuna hali ambamo wosia hugeuka bila karatasi kuguswa. Mtu mwenye mtoto wa kiume humuusia ndugu yake sehemu ya thuluthi, na wosia ni halali kwa kuwa ndugu si mrithi. Mtoto akitangulia kufa, ndugu huyo anaweza kuwa mrithi, kwa sababu urithi hupimwa siku ya kifo, na wosia kwa mrithi hausimami ila warithi wengine waridhie. Na wanaohukumiwa kwa sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 wakumbuke kwamba kwayo ndoa mpya huufuta wosia uliotangulia.

Limebaki pingamizi ambalo silichukulii wepesi. Mzee anayeruhusiwa kubadilisha ni mzee anayeweza kushinikizwa, hasa na anayempikia na kumpa dawa. Ni kweli. Wapo wanaosema, kwa hiyo, marekebisho yafanywe kwa siri, yafungwe na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, yafunguliwe baada ya mazishi. Kuhifadhi RITA nakuunga mkono kabisa. Siri ndiyo nisiyoikubali. Sheria ya mila inataka mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, na inataka anayenyimwa urithi, kwa kosa kama la kumtelekeza mzazi mgonjwa, apewe nafasi ya kujitetea. Atawezaje kujitetea kama haambiwi? Na akijirekebisha, akarudi kumuuguza baba yake, nani atakumbuka kumrudishia fungu ikiwa hakuna aliyejua kwamba aliondolewa? Naelewa hatari. Katika mikoa yetu ya magharibi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi ambazo nyuma yake palikuwa na tamaa ya shamba. Kwa mzee anayeishi na hofu hiyo, afisa wa serikali ya kijiji na shahidi asiye wa ukoo wanatosha, na nyumbani pasitajwe kitu. Hiyo ni ruhusa ya dharura. Kwa wengine wote, mahali pa kuurejea wosia ni mbele ya mashahidi walioushuhudia wa kwanza, maadamu wangali hai, tarehe iandikwe, wa zamani utajwe wazi kwamba umefutwa, na mke au wake wawepo wakisikia.