Nuru Isiyongoja Jumatatu



Mmenitaka nizungumze juu ya kazi yangu ya usiku. Kwa mshahara mimi ni mhasibu. Kwa nyota ni mtu wa ridhaa tu, kama wachezaji mpira wasiolipwa.

Mwaka 1967 setilaiti za Marekani ziitwazo Vela, zilizorushwa kupeleleza majaribio ya mabomu ya nyuklia, zilinasa mmweko wa miale ya gama usiotoka duniani. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1973. Leo tunajua kwamba mingi ya milipuko hiyo ni vifo vya nyota kubwa mno. Miale yenyewe huzuiwa na hewa ya dunia, lakini nyuma yake hubaki mng'ao wa kawaida, unaofifia saa kwa saa. Huo darubini ya nyumbani huweza kuupiga picha, mradi mwenyewe apate habari mapema na kwake kuwe usiku. Hapo ndipo wataalamu wanapotuhitaji: mitambo yao mikubwa haiwezi kuhamishwa kulifuata giza.

Sasa nikiri kosa langu. Jumamosi, tarehe 29 Machi 2003, saa nane na dakika 37 mchana kwa saa zetu, setilaiti HETE-2 ilinasa mlipuko katika kundi la nyota la Simba, umbali wa miaka ya nuru ipatayo bilioni mbili. Jioni kundi hilo lilikuwa mashariki, na mng'ao ungaliweza kunaswa kwa darubini yangu ya inchi nane. Nami nilikuwa barazani nacheza bao! Taarifa ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini, niliisoma Jumatatu. Wenzangu wa nchi nyingine walikwisha kuupima. Mwezi Aprili wataalamu wakaona katika nuru ile ile dalili za nyota iliyolipuka, ushahidi uliotafutwa kwa miaka.

Tarehe 25 Julai mwaka huo ulitokea mlipuko mwingine. Berto Monard, mpenda nyota wa Pretoria, hakungoja. Kwa darubini ya sentimita 30 aliugundua mng'ao wake, wa kwanza miongoni mwetu watu wa ridhaa.

Siku hizi taarifa huja kwenye simu kwa dakika chache. Yangu siizimi. Ikilia katikati ya chakula, mniwie radhi. Darubini iko nyuma ya bwalo, na nitahitaji vijana wawili wa kunisaidia kuibeba.