Kazi ya Sola Mombasa: Chumvi, Joto na Leseni ya Fundi



Pale Kipevu, makontena yanashushwa karibu na mitambo ya stima inayochoma mafuta. Siku hizi sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Lakini kazi ya kawi safi iliyo karibu na kijana wa Kisauni au Likoni haiko huko mbali. Iko juu ya paa la jirani yake.

Jua lipo, hilo halina ubishi. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo paneli hazihitaji kusimamishwa sana. Mwinamo wa digrii 10 hivi unatosha ili mvua izioshe. Joto nalo ni jambo jingine. Nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli ilipimwa katika joto la digrii 25, na kila digrii inayozidi hapo hupunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyolazwa juu ya bati la moto, bila nafasi ya upepo kupita chini yake, yaweza kufika digrii 60 mchana. Hapo zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake imekwenda.

Adui mkubwa wa kazi hii pwani ni chumvi. Upepo wa kusi huileta hadi ndani ya maungio ya waya. Fremu ya paneli ni alumini. Ikifungwa kwa bolti ya kawaida ya chuma, metali hizo mbili zikikutana na unyevu wa chumvi huanza kulana. Mwaka wa kwanza halionekani jambo. Baadaye bolti inavimba kwa kutu, bati linatoboka na paa linavuja. Fundi anayeijua bahari hutumia bolti zisizoshika kutu, daraja la 316, na huuliza kama paneli imepimwa kwa kiwango cha IEC 61701, ambacho ni cha ukungu wa chumvi. Bolti hizo ni ghali. Hapo ndipo bei ya chini ya fundi mwingine hutoka.

Tena kuna hatari. Paneli haina swichi ya kuzima jua. Kumi za volti 40 zikiunganishwa kwa mstari mmoja ni volti 400, na cheche ya umeme huo ikianza kwenye kiungio kilicholegea haizimiki upesi.

Kwa sababu hiyo fundi wa sola anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli. Kanuni za 2012 ziliwagawa mafundi kwa madaraja: T1 kwa mifumo midogo ya betri moja, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na laini ya stima. Vijana wengi wana mikono mizuri bila karatasi, basi hubaki kuwa vibarua wa wenye karatasi. Kozi na leseni ni gharama, ndiyo, lakini ndizo zinazotenganisha mshahara wa siku na kandarasi.

Kwa mwenye nyumba: mama muuza samaki wa Kongowea anayetoa fedha za chama anunue sola ya friza ana haki ya kuona leseni hiyo kabla ya kutoa shilingi. Aulize pia bolti ni za aina gani. Na fundi aondokapo aache mchoro wa waya umebandikwa kando ya inverta, ili atakayekuja kurekebisha miaka mitano baadaye asianze kwa kubahatisha.