Tabia Njema Hupimwa Penye Uwezo





Katika Kiarabu, khalq ni umbo la nje na khulq ni umbo la ndani. Neno letu la hulka limetoka katika mzizi huohuo. Basi kila mtu ana sura mbili: ile aionayo yeye kiooni, na ile waionayo wanaoishi naye.

Lakini si kila zuri lionekanalo kwa mtu ni tabia njema. Punda hubeba mizigo kutwa asinung'unike, wala hakuna amwitaye mwenye subira. Mtoto mchanga hasemi uongo kwa kuwa hajui faida yake. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore Desemba 1896, alieleza kwa urefu kwamba hali za maumbile haziwi maadili mpaka ziongozwe na akili na zitumike mahali pake. Hasira tumezaliwa nayo, na haya, na huruma. Hasira ya kumtetea yatima ni jambo jingine kabisa na hasira ya chai iliyochelewa.

Mtukufu Mtume s.a.w. alivumilia mateso ya Makka kwa miaka kumi na mitatu. Mpinzani angeweza kusema: alivumilia kwa kuwa hakuwa na nguvu. Mwaka 630 akaingia Makka akiwa na jeshi la watu wapatao 10,000, nao waliomfukuza wakasimama mbele yake wakingoja hukumu. Akawatangazia watu wa mji ule msamaha. Hapo mpinzani hana la kusema.

Sisi hatutapewa Makka ya kuiteka. Uwezo wetu ni mdogo, na majaribu yetu yamo humo humo. Mtu akikaripiwa na mkubwa wake wa kazi akanyamaza, twasema fulani ana subira. Huenda anayo, huenda pia aogopa kufukuzwa. Tumfuate nyumbani jioni, siku msichana wa kazi amevunja bilauri. Pale hakuna wa kumfukuza wala wa kumhoji.

Ndiyo maana ushahidi wa Hadhrat Anas bin Malik r.a. ni mzito. Alipelekwa kumtumikia Mtume s.a.w. akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akamtumikia miaka kumi. Asimulia kwamba kwa muda wote huo hakuambiwa hata neno la kuonyesha kuchoshwa, wala hakuulizwa mbona umefanya hili au umeacha lile. (Na wazazi mliopo hapa mwajua mtoto wa umri ule husahau mangapi kwa siku moja.) Hadhrat Aisha r.a. naye ashuhudia kuwa hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Mashahidi hawa waliyaona ya ndani ya nyumba, pasipo na mgeni.

Wenye maduka, kwenu mwenye kupima tabia ni yule mtoto aliyetumwa nusu kilo ya sukari naye hajui kusoma mizani. Na sisi wenye familia, leo tukifika mlangoni tusimame kidogo kabla ya kubisha hodi, tusikilize vicheko vya watoto. Tukishaingia, je, vitaendelea?

Sasa tuinue mikono tuombe dua.